Mayai ya kinyonga Dar hayahitaji balbu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye vibali vya kufuga kinyonga hapa jijini: zimeni balbu. Maelekezo mengi ya kutotoa mayai yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hapa kwetu adui ni joto. Mayai ya kinyonga wa kawaida, huyu tunayemwona kwenye michongoma, yanakwenda vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28. Januari na Februari chumba cha bati kisicho na dari hupita 32 mchana, na yai likishinda humo siku nyingi, kiinitete hufa au mtoto hutoka dhaifu.

Kopo la mayai liwekwe ndani ya deli, juu ya meza fupi au stuli, chumba cha katikati ya nyumba. Pembeni weka chupa mbili za maji ya kawaida, joto lisipande na kushuka ghafla. Kipimajoto kikae humo humo ndani ya deli.

Vumbi la makumbi ya nazi linafaa sana, ila lioshwe mara kadhaa chumvi itoke. Libane kiganjani: lishikane, lisidondoshe tone. Jaza sentimita 5, fukia kila yai hadi nusu yake, sentimita 2 kati ya yai na yai. Juu ya kila yai tia alama ya penseli, kwa sababu kiinitete hujishikiza upande mmoja; ukiligeuza, unaweza kuliua.

Maji ndiyo yanayowaharibia wengi. Pima kopo zima kwenye mizani ya jikoni siku ya kwanza, andika uzito kwenye mfuniko. Kila wiki mbili rudisha gramu zilizopungua, ukimimina pembeni, kamwe si juu ya mayai. Yai lililobonyea mapema lina kiu. Yai viza hugeuka njano, husinyaa na kuota ukungu. Litoe kabla halijaambukiza jirani zake. Na sisimizi! Miguu ya meza au stuli isimame kwenye makopo ya maji, vinginevyo usiku mmoja unatosha.

Kinachoniuma zaidi ni mayai mazima kutupwa miezi minne baada ya kutagwa eti yameharibika. Yanaweza kuchukua miezi 5 hadi 10, na mwanzoni kiinitete hulala bila kukua. Yai jeupe, gumu kidogo, lisilonuka, liacheni.

Asiye na kibali akifukua mayai wakati wa kuchimba msingi asiyapeleke ndani. Kinyonga ni mnyamapori na sheria ya mwaka 2009 inamlinda. Ayahamishie udongo wa karibu wenye kivuli, kina kilekile, upande wa juu ubaki juu.

Mayai yakianza kutoa jasho na kunywea ghafla, wakati umefika. Mtoto akishapasua ganda anaweza kukaa humo hadi siku nzima akimalizia kiini. Asivutwe.

Mfugaji,
Kimara, Dar es Salaam