Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Nafasi Tunayoachiana

Ndugu wanachama wa chama cha wakazi wa mtaa wetu,

Nawasalimu, na kabla ya yote nawaomba tusimame kidogo kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Ahsanteni. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Habari za ulinzi shirikishi na uzoaji taka zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni, na sina la kuongeza. Muda wangu nitautumia kwa jambo moja ambalo kamati imelizungumza karibu kila kikao: ile nafasi inayotakiwa kubaki wazi na kupandwa miti pale jengo linaposogeleana na mto, na barabara, au na nyumba ya jirani.

Nianze na mto, maana ndiko tulikoumia. Mvua za vuli za 2023, zilizoongezwa nguvu na El Niño, hazikutupa pumzi hadi masika yakaingia. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamekwishapoteza maisha. Hapa kwetu Mbezi, Dar es Salaam, hatukuzika mtu kwa sababu ya mvua, tunamshukuru Mungu. Lakini mto ulimega ukingo usiku mmoja, na asubuhi tukakuta ukuta wa uzio wa mwanachama mwenzetu unaning'inia hewani, msingi umeoshwa, nondo zinaonekana.

Maji yalipopungua tulishuka mtoni, wanakamati na vijana wachache, tukatembea kutoka darajani kuelekea chini. Sikutegemea tofauti iwe wazi kiasi kile. Palipoachwa matete na mianzi, ukingo ulikuwa umesimama, umechubuka tu. Palipofyekwa na ukuta ukasogezwa hadi ukingoni, ardhi ilikuwa imekwenda. Wachimba mchanga nao wana sehemu yao kubwa katika uharibifu huu, na tumelifikisha suala lao serikali ya mtaa. Hata hivyo, waliofyeka matete hawakuwa wachimba mchanga. Ni sisi.

Sheria haina fumbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vivyo hivyo kwa ufukwe wa bahari na ziwa. Najua baadhi yenu mtaniambia viwanja vyenu vilipimwa kabla ya hapo na hati mnazo. Ni kweli, na kamati haijasema mtu abomolewe nyumba. Ninachosema ni kwamba wazo lenyewe si la 2004. Mpango mkuu wa jiji la Dar es Salaam wa 1979 ulikwishayataja mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Tulijenga hata hivyo. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 jijini. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi. Siku ile nilikuwa Mkwajuni, ndani ya bonde hilo, namsaidia shemeji yangu kutoa vitanda na mabati kwenye nyumba iliyopigwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Mvua ilikuwa inanyunya. Alikuwa ameilipia nyumba ile kwa miaka mingi ya kuuza samaki soko la Feri. Sitaki kuiona alama ile kwenye ukuta wa mtu yeyote aliyekaa humu ndani, na njia ya kuikwepa ni sisi wenyewe kuurudisha ukanda wa kijani kabla hatujalazimishwa.

Sasa nije kwenye lile ghorofa jipya la mtaani kwetu, ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza.

Mnakumbuka lilipowekwa bango la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Wengine walipita wakalisoma kama tangazo la dalali. Wanachama wanne waliandika barua kutoa maoni, nawashukuru sana. Tuliitwa, tukaonyeshwa michoro. Na michoro ilikuwa mizuri: ukanda wa miti upande wa nyumba za jirani, maegesho yenye ukoka kati ya matofali, shimo la kupokea maji ya paa yazame ardhini. Tukaridhika, tukarudi nyumbani.

Jengo lilipokamilika hatukuona ukanda wala ukoka. Ni pevingi, yaani matofali ya saruji yaliyotandikwa chini, kutoka ukuta hadi ukuta, na ile "miti" ni maua yaliyopandwa kwenye vyungu vya saruji getini. Udongo wetu ni wa kichanga, hunywa maji upesi ukiachwa wazi. Ukiuziba wote, maji ya paa na ya ua hayana pa kwenda isipokuwa barabarani, na kutoka barabarani ni kwa mama wa kiwanja cha chini. Yeye ndiye aliyekuwa anakesha na ndoo sebuleni mwezi wa nne. Jenereta nalo limewekwa hatua tatu kutoka dirisha la chumba cha watoto wake.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kosa letu kama chama halikuwa kunyamaza, maana tulisema. Kosa letu ni kwamba baada ya kuona mchoro hatukurudi. Kibali hutolewa kwa kuangalia mchoro, kisha mchoro unalala kwenye jalada na fundi anajenga anavyoagizwa. Miti huwa ya mwisho kwenye bajeti ya ujenzi, na fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa.

Baada ya vikao vitano, viwili kati yake vikiwa vya moto, mwenye jengo amekubali kung'oa mistari ya pevingi upande wa jirani na kupanda. Jenereta litahamishwa. Nataka haki itendeke: tangu akubali amekuwa muungwana, na miche ya kwanza ameinunua kwa fedha yake.

Hapo ndipo tulipobishana tupande nini. Wengi mlitaka miti ya ashoki. Naelewa, inakwenda juu upesi, haitanuki, inaficha macho ya watu wa ghorofani. Lakini safu moja ya ashoki huku chini ni vigogo vitupu. Vumbi na kelele vinapita katikati kama kawaida. Ukanda wa kinga unahitaji matabaka: michongoma chini, iliyopandwa kwa kubanana na kupunguzwa mara kwa mara, kisha miti yenye majani mazito juu yake. Mwarobaini kwa maoni yangu hauna mpinzani katika joto la pwani yetu, mradi usiuweke karibu na msingi wa nyumba wala shimo la choo. Tumekubaliana vyote vitatu, ashoki ikiwa nyuma.

Kuna la kwetu pia, na nalisema kwa mapenzi. Fremu za biashara zilizosimama mbele ya kuta zetu kwenye barabara kuu zimekaa juu ya hifadhi ya barabara. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Miti tuliyoikuta pale tulipohamia ilikatwa ili kupisha fremu, na baadhi ya wenye fremu ni wanachama, mmojawapo mjumbe wa kamati yangu. Hatuwezi kumdai mwenye ghorofa mita zake huku sisi tumekalia za umma. Kamati haitamshitaki mtu, ila haitamtetea mtu pia.

Maombi yangu kwenu leo ni haya. Kwanza, mkubali tuunde timu ndogo ya watu watatu, akiwemo yule mwanachama wetu mpima mstaafu, itakayotunza nakala ya mchoro wa kila jengo jipya mtaani na kwenda kuangalia mara mbili: msingi unapochimbwa, na kabla wapangaji hawajaingia. Pili, sehemu ya ada iliyobaki iende kwenye ukingo wa mto badala ya geti jipya la kuingilia mtaani. Najua geti lina wapenzi wake, mtapiga kura.

Kwa ukingo tumechagua majani ya vetiva yapandwe kwa mistari inayoukinga mteremko, na mianzi chini yake. Mizizi ya vetiva hushuka wima hadi mita 3, na hayatambai kuvamia shamba la mtu. Mbegu haitumiki, ni vichipukizi, na tayari viko kwenye kitalu nyuma ya nyumba ya katibu. Vinatakiwa viingie ardhini mvua za kwanza za masika zinapoanza, vishike kabla mto haujajaa.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa 12 na nusu asubuhi, tukutane darajani. Kila nyumba ilete jembe au koleo, na mtu mmoja wa kulishika. Chai na mihogo vitakuwepo.