Risala ya Kikundi cha Kusoma kwa Mgeni Rasmi, Mbele ya Sanamu ya Eça de Queirós, Lisbon

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kuizuia mvua mpaka saa hii. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali kuupanda mlima wa barabara ya Rua do Alecrim ili uwe nasi leo tarehe 25 Novemba, siku aliyozaliwa mwenye sanamu hii, mwandishi wa riwaya wa Ureno Eça de Queirós, mwaka 1845.

Historia yetu ni fupi. Sisi ni Waswahili tunaofanya kazi jijini hapa, na tulianza watu wanne, tukisoma riwaya za Eça kwa sauti ili tukijue Kireno. Leo tuko 14. Tumepata mafanikio makubwa: tumemaliza riwaya mbili nzima, tumetafsiri kurasa 31 kwa Kiswahili, na watoto wetu wanajua kwamba meza, bendera na leso ni maneno yaliyoingia pwani ya kwetu kutoka kwa Wareno.

Tulimchagua Eça kwa kuwa kalamu yake ilinolewa gazetini. Mwaka 1867, kijana wa miaka 21, aliliendesha gazeti la Distrito de Évora karibu peke yake. Mwaka 1871 yeye na mwandishi mwenzake Ramalho Ortigão wakaanzisha As Farpas, jarida lililoisema jamii yao bila kuionea haya. Mwaka huohuo mihadhara aliyoshiriki na wenzake katika ukumbi wa Casino hapa Lisbon ikapigwa marufuku na serikali. Tunalitaja hilo kwa sababu tunaujua uchungu wa kuwa na la kusema ukakosa pa kulisemea.

Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni nyingi, ila kwa kuheshimu muda wako tutaeleza moja. Hatuna chumba.

Tunasomea hapahapa, tumesimama. Januari iliyopita mvua ilitukuta katikati ya ukurasa. Dada yetu mmoja alivua koti akalifunika daftari la tafsiri, yeye akabaki na blauzi. Hata hivyo wino ulichuruzika, na mistari tisa ikageuka madoa ya bluu. Saba tuliikumbuka tukaiandika upya. Miwili haijarudi mpaka leo. Vitabu vyenyewe vinalala chini ya kitanda cha mwanachama, na akiwa zamu ya usiku hatuvipati.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunayemheshimu sana, alitwambia tuhesabu kwamba chumba kimeshapatikana. Tulihesabu. Tulinunua na kufuli la kabati, na kufuli hilo bado limo kwenye pakiti yake pamoja na funguo zote mbili. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliliandika ombi letu mbele yetu, akatuachia namba ya simu. Tulipiga mpaka Machi. Hatumlaumu mtu, kwani majukumu ni mengi. Tunasema tu kwamba makofi tuliyapiga mara zote mbili.

Tunakuomba uitazame sanamu iliyo nyuma yako. Teixeira Lopes aliichonga kwa marumaru, ikazinduliwa mwaka 1903: Eça amemwinamia mwanamke ambaye ndiye Ukweli, uchi, chini ya shela nyepesi. Watu waliiharibu mara kwa mara, hata mwaka 2001 jiji likaihamishia marumaru ile makumbusho na kuweka hapa nakala hii ya shaba nyeusi. Jiji liliona kwamba kitu cha thamani hakiachwi nje kikaharibika. Daftari zetu nazo tunaziombea paa.

Hatuombi fedha, kodi ya miezi mitatu tumeshachangishana. Tunaomba utusemee kwa wenye kumbi, maana wewe wanakusikiliza: chumba kimoja, meza moja na kabati la kufungwa, Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni.

Chini ya sanamu yamechongwa maneno ya Eça mwenyewe: juu ya uchi wenye nguvu wa ukweli, shela nyepesi ya njozi. Risala hii tumeivisha adabu kadiri tulivyoweza, na ukweli wetu ndio huo uliousikia.

Mgeni Rasmi, kabla hujaondoka tunaomba ututajie tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Karibu uzungumze nasi.

Imesomwa kwa niaba ya wanakikundi wote.