Dimbani si pomboo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme langu kuhusu Kizimkazi Dimbani, kijiji cha pwani kusini mwa Unguja.

Baada ya Idd niliwachukua wajukuu zangu wanne kutoka mjini tukaenda kuoga. Maji yalikuwa yamejaa, ile ghuba ndogo imetulia baina ya majabali, na watoto hawakutaka kutoka mpaka vidole vikawakunjamana. Wageni walikuwa wengi. Boti zinawapeleka kutazama pomboo, wakirudi wanaoga, wanakula, kisha gari hizo zinaondoka nao. Muda wote tuliokaa sikuona hata kundi moja likipelekwa msikitini, na msikiti wenyewe hauko mbali na pwani.

Tukakosha miguu kuondoa mchanga, mzee anayeutunza akatufungulia. Kwa nje, na lile paa la bati, utadhani umejengwa juzi. Ndani, upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki, na ni miongoni mwa ya kale kabisa ya Kiislamu katika Afrika Mashariki.

Mjukuu wangu wa miaka kumi, ambaye chuoni anasoma Msahafu bila kusita, alisogea ayasome. Akakwama. Herufi hazina nukta, na ncha zake zimechanua kama majani. Akanitazama: "Babu, hawa walikuwa watu wa wapi?"

Nikamwambia, wa hapa hapa. Huenda fundi alitoka ng'ambo, maana wataalamu wanaifananisha kazi ile na ya Siraf, kwenye Ghuba ya Uajemi. Lakini jiwe ni la bahari hii, na waliosali mbele yake ni wazee wetu. Hata leo panasaliwa.

Sisemi pomboo waachwe. Watu wa kijiji wanapata riziki yao, na eneo lote hilo limo katika Hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997. Linaloniuma ni kumwona mgeni, na hata Mzanzibari mwenzangu, akiondoka Dimbani anajua mkia wa pomboo tu. Ninawaomba wanaopanga safari hizi wautie msikiti katika ratiba, nje ya nyakati za sala, wageni waelezwe mapema wavae nguo za heshima, na wakikubaliana na wazee wa msikiti, vijana wa Dimbani wafunzwe historia hii na walipwe kwa kuieleza. Hiyo nayo ni kazi.

Na skuli zetu za mjini, zikipeleka watoto kuoga Kizimkazi, ziwape nusu saa ya msikitini kwanza, kabla nguo hazijarowa.

Mwalimu mstaafu,
Jang'ombe, Unguja