Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: pesa zikikwama, benki ipewe muda wa kuzirudisha

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Kenya,
Barabara ya Haile Selassie, Nairobi.

Mheshimiwa Gavana,

Mimi nauza nafaka kwa jumla hapa Nyamakima, na karibu pesa zangu zote siku hizi hupitia kwenye simu. Benki zinatutangazia kila mwaka jinsi teknolojia ilivyoziongezea ufanisi. Naomba upime na kasi yao ya kurudisha pesa zilizokwama.

Ufanisi upo, siupingi. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kumlipa mkulima wa mbali kulimaanisha kumkabidhi mtu wa basi bahasha na kuomba Mungu. Hundi nazo zilikuwa zikibebwa kama karatasi kutoka benki hadi benki. Tangu 2011 inayotumwa ni picha tu. M-Shwari ilipokuja 2012, mtu aliweka akiba na kukopa bila kuingia benki. Pesalink ya 2017 ikatuwezesha kuhamisha pesa kati ya benki papo hapo, hata Jumapili usiku.

Lakini benki hupima ufanisi kwa kulinganisha gharama zake na mapato. Kwa kipimo hicho, karani akiondolewa dirishani ni faida, kwa kuwa kazi yake sasa naifanya mimi mwenyewe kwenye simu. Pesa zangu zinazoninginia hazionekani popote katika hesabu hiyo, wala siku niliyoipoteza nikizifuata.

Nazo huninginia hivi. Natuma pesa kutoka akaunti kwenda kwa simu ya mkulima. Benki inakata kwanza, kisha inaipelekea kampuni ya simu agizo la kumlipa. Jibu lisiporudi, benki haijui kama amelipwa au la, kwa hiyo inasubiri hadi hesabu za pande mbili zilinganishwe. Mara nyingine hilo huisha kwa dakika chache. Mara nyingine linaingia siku ya pili, hasa mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Yamenikuta haya gari la maharagwe likiwa limeshafika na wapakuzi wamesimama. Benki ikaniambia kosa ni la kampuni ya simu. Kampuni ya simu ikaniambia haijapokea kitu. Mwenye mzigo anataka kuona ujumbe wa malipo, na ana haki, kwani naye ana watu wa kulipa. Ilibidi nikope kwa jirani ili kulipia mzigo ambao pesa zake zilikuwa zimeshakatwa kwenye akaunti yangu.

Dawa ipo, na imeshajaribiwa kwingine. Septemba 2019, Benki Kuu ya India iliziwekea benki muda wa mwisho kwa kila aina ya muamala uliofeli. Pesa zikikatwa kwenye akaunti na zisimfikie mlengwa wa benki nyingine kupitia mfumo wao wa papo kwa papo, lazima zirudishwe kufikia siku inayofuata. Zikichelewa, benki inamlipa mteja rupia 100 kwa kila siku, bila yeye kuomba.

Toa agizo kama hilo hapa, Mheshimiwa. Muda uanze kuhesabiwa pesa zinapokatwa, wala si mteja anapopiga simu kulalamika. Benki zitasema haziwezi kubeba kosa la kampuni ya simu. Mkataba baina yao wanao wao. Wadaiane huko, mimi niwe nimesharudishiwa changu. Pia kila benki itangaze, kila robo mwaka, huduma zake zilikatika kwa saa ngapi na miamala iliyokwama ilichukua muda gani kurudishwa. Nikiziona takwimu hizo nitajua niweke wapi pesa za biashara yangu, na benki inayofanya kazi vizuri itapata wateja kwa haki.

Wako mwaminifu,
Mfanyabiashara wa nafaka, Nyamakima, Nairobi