Tarumbeta la marehemu lisipimwe kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye tarumbeta la marehemu uvunguni mwa kitanda.

Baba alikuwa mpulizaji katika bendi ya dansi miaka ya 1970. Alituachia tarumbeta lililochorwa “Boosey & Hawkes, London”. Mwaka huu ada ya mjukuu wake ilipotubana, nikaamua kuliuza. Mwanangu akalifungua, akaliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akalifunga tena. Kumbe pistoni zile tatu, zile zinazobonyezwa kwa vidole, alizichanganya.

Mnunuzi wa kwanza alipuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni, halikulia. “Hili limekufa, mama.” Akaliweka kwenye mizani: kilo moja na kidogo. Bei aliyonitajia ilikuwa ya shaba chakavu, haikutosha hata madaftari. Nikalizungushia khanga, nikaondoka nalo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyepiga na baba. Alizichomoa pistoni akanionyesha namba zilizogongwa juu yake: 1, 2, 3. Kila moja ina matundu yake. Ya kwanza ikikaa mahali pa tatu, pumzi haina pa kupita. Akazirudisha zinapostahili, akatia mafuta, akapuliza. Nililia, Mhariri. Ndiyo sauti iliyokuwa ikituamsha Jumapili.

Kisha akalikagua kama daktari. Alivuta kibomba cha pembeni bila kubonyeza pistoni, kikatoka na mlio, “po!”, maana yake hewa haivuji. Lakini karibu na pale pa kupulizia aliona vidoa vyekundu: zinki iliyochanganywa na shaba imeanza kuliwa. Akaniambia nisimfiche mnunuzi. Sikumficha kijana wa matarumbeta ya harusi aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Alipunguza bei kidogo, akalipa kwa awamu mbili, na bado nilipata ada ya mwaka mzima.

Ndugu zangu wa chuma chakavu, najua nanyi mnatafuta riziki. Lakini kabla ya kuliponda tarumbeta, mwiteni mpulizaji mmoja alipulize. Nanyi wauzaji, msilisugue kwa majivu wala kung’ang’ania bomba lililokwama kwa koleo, mwachieni fundi. Mkilitangaza, tajeni kiwanda, namba iliyo kwenye kasha la pistoni ya kati, na kila palipobonyea.

Nawe Mhariri, kwenye kurasa zako za matangazo madogo kuna magari, viwanja na majokofu. Tunaomba pembe ndogo ya ala za muziki.

Binti wa mpulizaji,
Morogoro