Siri ya Bagamoyo imefanya kazi yake, sasa ielezwe

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera tangu likizo iliyopita. Mjukuu wangu, anayesoma kidato cha tatu Dar es Salaam, alikuja kwangu hapa Bagamoyo na kazi ya somo la Historia: aandike kurasa mbili kuhusu kiongozi mmoja wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Akamchagua Joaquim Chissano. Daftarini alikuwa na haya: kazaliwa 1939 Malehice, mkoa wa Gaza, Waziri wa Mambo ya Nje tangu 1975, Rais wa Msumbiji tangu 1986 hadi 2005, tuzo ya Mo Ibrahim 2007. Nikamuuliza, "Na miaka ya vita alikuwa anafanya nini?" Akanijibu, "Bibi, alikuwa mpigania uhuru." Basi. Miaka zaidi ya kumi imemezwa na maneno mawili.

Chissano alikuwa mtu wa usalama. Aliacha masomo ya udaktari Ureno, akakimbilia Ufaransa, akaingia Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Akawa katibu wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa chama hicho, kisha akabebeshwa dhamana ya usalama wa chama na uwakilishi wake pale Dar es Salaam. Ukisema hivyo mbele ya vijana wa leo, wanawaza bastola na miwani myeusi. Sisi tuliokulia karibu na wapigania uhuru tunajua kazi ile ilikuwa ya subira, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Adui alikuwa na PIDE, polisi wa siri wa Ureno, waliobadilishwa jina kuwa DGS mwaka 1969 bila kubadilika tabia. Tangu Wareno walipoua raia pale Mueda tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya risasi za kwanza za Frelimo kulia katika kituo cha Chai, mkoa wa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, watu walivuka Ruvuma kuja kwetu kwa maelfu. Wengi walikimbia mabomu. Baadhi walitumwa. Wote walifika peku, wote wana njaa, wengi wanasema Kimakonde kilekile. Utamjuaje aliyetumwa? Hakuna mashine ya kukuambia. Ni kumkalisha mtu, kumpa chakula, kumuuliza kijiji chake, jirani zake, kivuko alichopitia, halafu kumtafuta mwingine wa kijiji hichohicho ulinganishe maneno. Ukikosea upande mmoja, umemfungulia mlango muuaji. Ukikosea upande wa pili, umemtesa mkimbizi asiye na hatia. Anayefanya kazi hiyo miaka yote ile hapigiwi makofi na mtu, maana siku aliyofanikiwa ni siku ambayo hakuna kilichotokea.

Na siku moja kilitokea. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta, ndani yake kitabu, ndani ya kitabu bomu. Akafia Dar es Salaam, mji uliokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na vyama vya ukombozi karibu vyote vya kusini. Polisi wetu, kwa msaada wa Interpol, walifuatilia betri za bomu lile hadi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba. Nakumbuka baba alivyozima redio akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Nimekuwa nikifikiri tangu niwe mtu mzima: mtu aliyebeba dhamana ya usalama, akamwona mwalimu wake na kiongozi wake anakufa kwa kifurushi, aliamkaje kesho yake akarudi kazini? Chissano alirudi. Hilo peke yake linastahili kurasa mbili za mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Sasa nije Bagamoyo, maana hapa ndipo linaponigusa. Vurugu za mwaka 1968 ziliifunga shule ya Frelimo iliyoitwa Taasisi ya Msumbiji pale Dar es Salaam, na mwaka 1970 Frelimo wakafungua shule yao ya sekondari hapa kwetu. Graça Simbine, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Mama Graça Machel, alikuwa naibu mkuu wa shule hiyo. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua, na mimi ndiye niliyebeba sinia. Wale vijana walikuwa wapole, wengine wadogo kama kaka zangu, na walikuwa wanajifunza Kiswahili kwetu wakati wa kuhesabu senti. Mama alinipa sheria moja: usimuulize mtu jina lake wala kwao. Akikuambia mwenyewe, usilirudie nyumbani.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Vijana wa leo wanadhani balozi alikuwa mtu wa kupatanisha wanandoa na kugawa kadi za TANU, chama tawala cha wakati ule. Wakati ule alikuwa pia jicho. Mgeni akilala nyumba yoyote kati ya kumi, balozi alitakiwa kujua katoka wapi na anakwenda wapi. Jioni moja, nadhani mwaka 1972, alikuja mtu nadhifu mwenye kamera, akasema anapenda magofu ya Kaole. Baba akamkaribisha kahawa. Mazungumzo yakaanza na magofu, yakahamia kwenye samaki, kisha mgeni akauliza kwa sauti ileile ya kawaida shule ya wale wageni ina watoto wangapi na walimu wao wanalala wapi. Baba akacheka, akasema yeye ni mvuvi, mambo ya shule hayajui. Kisha akaniita: "Nenda kamwambie mjomba wako samaki wameiva." Nyumbani hapakuwa na samaki siku ile, na mjomba hakuwahi kula kwetu, alikuwa mtu wa ofisi ya TANU. Nilikimbia. Mjomba alipofika na wenzake wawili, mgeni alikuwa bado anamalizia kahawa. Sikumwona tena, na sikuuliza. Pengine alikuwa mtalii tu. Baba alifariki bila kunieleza, na mimi ni binti yake wa kwanza.

Ndugu Mhariri, nchi ilipigana vita ile kwa namna hiyo pia. Mwaka 1970 Jenerali wa Ureno, Kaúlza de Arriaga, alipowaleta maelfu ya askari kaskazini ya Msumbiji akidai kuimaliza Frelimo, wapiganaji walijipenyeza mkoa wa Tete na kupanua vita huko. Habari za wanakijiji waliouawa na askari wa Ureno pale Wiriyamu, Tete, Desemba 1972 zilitoka kwa mapadri, kutoka mkono hadi mkono, mpaka zikachapishwa London Julai 1973. Habari ikitembea salama, hata jeshi kubwa linapoteza nguvu. Mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974, yaliyoiangusha serikali ya Ureno, hayakuangukia mahali patupu, na tarehe 7 Septemba mwaka uleule Mkataba wa Lusaka, ulioikubalia Msumbiji uhuru, ukatiwa saini.

Sitaki kueleweka kwamba naomba sanamu tu. Kazi ya usalama ina upande wake wa giza, na mtu anayeipenda historia hii lazima autaje. Filipe Magaia, mkuu wa kwanza wa ulinzi wa Frelimo, aliuawa Oktoba 1966, na kifo chake bado kinabishaniwa. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Frelimo wa Cabo Delgado, alihamia kwa Wareno mwaka 1969. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, alisimamishwa mbele ya umati katika kambi ya Frelimo Nachingwea mwaka 1975, katika ardhi yetu, asome maungamo yake. Yeye, Nkavandame na wengine baadaye waliuawa bila mahakama. Watoto wao wana haki ya kuuliza. Shaka iliyokuwa lazima mwaka 1969 ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine vita vilipomalizika. Nasema haya nikijua baadhi ya wazee wenzangu watanuna. Lakini tukiwaficha hawa, hata ushujaa wa wale wengine hautaaminika.

Ninachokasirikia ni ukimya wetu wa sasa. Mgeni akifika Bagamoyo anapelekwa Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, Misheni, na magofu ya Kaole. Anasimuliwa misafara, pembe za ndovu na watumwa, na ni sawa kabisa asimuliwe. Lakini nimewasikiliza vijana wanaotembeza wageni, mmoja baada ya mwingine, na habari zao zinakoma Mjerumani alipoondoka. Kwamba mji huu ulisomesha taifa jirani lililokuwa vitani, na wauza vitumbua wakaweka siri kwa miaka mitano, hilo halimo. Sisi wenyewe ndio tuliolificha. Tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza vizuri mno, na hakuna aliyerudi kutuambia sasa semeni.

Kwamba inawezekana kukusanya kumbukumbu hizi, Mradi wa Hashim Mbita wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, umeshaonyesha, na Tanzania ndiyo inayoratibu Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika. Naomba wahusika wake washuke ngazi moja zaidi: wapite kwa mabalozi wa zamani, kwa waliopika, waliofua, walioendesha malori, walioshona sare. Karatasi za ofisini zitaeleza nani alimteua nani. Hazitaeleza samaki waliokuwa hawapo jikoni kwetu.

Mwaka 2004, Chissano alipokuwa anakabidhi uenyekiti wa Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, alihutubia kwa Kiswahili, wakalimani wakahangaika. Nililia mbele ya televisheni. Kiswahili kile hakukipata Gaza, wala Ureno, wala Ufaransa.

Mjukuu wangu ameandika kurasa sita badala ya mbili, na mwalimu wake amempa maksi nzuri ila ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Chanzo?" Chanzo ni mimi. Mtaani kwetu tumebaki watatu tunaoikumbuka shule ile kwa macho. Mkubwa wetu ana miaka 88. Anakumbuka vizuri asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, adhuhuri anachoka. Wakija na kinasa sauti, waje asubuhi.

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo