Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Paa la Stesheni Yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karibu fedha na nguvu zetu zote zimeishia juu ya paa la stesheni yetu ya zamani ya reli. Mweka hazina atawasomea hesabu. Mimi nieleze kwa nini kamati iliamua hivyo, maana najua wengi mlitaka tuanze na rangi.

Mwezi Machi, kabla ya mvua, fundi alipanda upande wa kusini akabonyeza bati kwa kidole gumba. Kidole kikapenya. Kutu ilikuwa imekula penye misumari. Katikati bati lilikuwa bado zito, halipindiki kwa mkono, si kama haya mepesi ya dukani siku hizi. Tukayashusha yote, tukakata yaliyooza, na mazima tukayapiga upande wa relini ambako abiria walikuwa wakiliona jengo. Mapya yamekaa nyuma.

Mwanachama mmoja aliniuliza: nyumba ya mabati ina historia gani? Swali hilo sijalisahau, na ninamjibu hapa mbele yenu.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Ziwa Victoria Desemba 1901, miezi 11 baada ya Malkia Victoria kufariki. Kwao Uingereza, stesheni nyingi za mashambani za enzi yake zilijengwa kwa mawe au matofali, stesheni masta akiishi hapo hapo na familia yake. Huku kazi ilikuwa mbio, maji ya shida, na mbao ni chakula cha mchwa. Hata mataruma, yale yanayolaliwa na reli, yalitumika ya chuma. Bati la migongo, ambalo Henry Robinson Palmer alilipatia hataza London mwaka 1829, liliwafaa sana. Ile migongo ndiyo inayolipa nguvu, hivyo linahitaji mihimili michache, na lilipakiwa kwenye behewa likaletwa hadi reli ilipokomea. Kisha jengo likazungushiwa baraza pana ili jua lisiupige ukuta. Simameni barazani kwetu saa saba mchana mtaelewa. Kwangu mimi huo ni usanifu kamili.

Na mabati hayo yalilinda watu. Stesheni ya Kima, kati ya Mombasa na Nairobi, mwaka 1900, simba mla watu alipanda juu ya paa usiku akajaribu kuling'oa. Karani wa simu ya maandishi (telegrafu) aliyekuwa ndani alipeleka habari kwa wakubwa wake kwamba simba anapigana na stesheni, wamletee msaada upesi. Bati halikung'oka. Kingo zake zilimkata simba miguu, asubuhi damu ikaonekana juu ya paa. Juni mwaka huo huo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, aliuawa pale pale Kima. Alikuwa amelala ndani ya behewa, akavutwa kupitia dirishani. Behewa hilo wanafunzi tuliowapeleka Makumbusho ya Reli, Nairobi, mwezi Agosti walilizunguka mara mbili bila kusema neno.

Yapo yanayoniuma. Tangu 2017, abiria walipohamia SGR, ile reli mpya, majengo ya reli ya zamani yanang'olewa bati moja moja. Tumeandika barua 3 kwa ofisi husika tukiomba jengo letu litangazwe kuwa turathi chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Hatujajibiwa. Katibu ataipeleka ya nne kwa mkono, nami nitafuatana naye.

Kile kipande cha reli kilichokuwa kengele, kilichopatikana kwenye nyasi nyuma ya tangi la maji, kimerudi barazani kwenye ndoano yake. Kitagongwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, tuanze kazi ya ukuta wa nyuma. Kila mmoja aje na glavu za ngozi. Kingo za mabati yale bado zinakata.

Mwenyekiti